Nova ya 1975 na setilaiti mbili zilizotoka Ngomeni

Ukitaja mambo ya anga hapa Malindi kila mtu atakuambia San Marco. Ukiuliza San Marco ilifanya nini hasa, wachache watakutajia setilaiti ya Uhuru iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na hapo mazungumzo huishia. Mimi ni mkaazi wa Kisumu Ndogo, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za mitambo ile usiku nikimaliza kazi za watu. Leo naweka kando mambo ya hifadhidata. Nataka kuwaeleza kisa cha setilaiti nyingine iliyotoka kwenye maji hayo hayo, ambacho kwa maoni yangu ni kitamu kuliko cha Uhuru, na karibu hakuna anayekitaja. Setilaiti hiyo inaitwa Ariel 5, na iliona nova.

Kwa wale ambao neno hili ni geni: nova ni Kilatini, maana yake ni "mpya". Wazee wa zamani wakiona nyota mahali ambapo jana hapakuwa na kitu walidhani imezaliwa. Kumbe nyota ilikuwepo miaka yote, ila hafifu mno, halafu ikalipuka. Nova ya kawaida ni nyota mbili zinazozungukana karibu karibu. Moja ni nyota iliyokwisha kuzeeka na kusinyaa ikawa ndogo kama Dunia lakini nzito kama Jua, wataalamu huiita kibete cheupe. Kibete huyu humnyonya mwenzake gesi ya hidrojeni, hujivika tabaka juu ya tabaka, mpaka siku moja tabaka lile linalipuka lote kwa pamoja kama bomu la hidrojeni. Nyota yenyewe haifi, huanza kujivika upya. (Usichanganye na supanova, ile ni nyota inayokufa moja kwa moja.)

Sasa, mwezi wa Agosti 1975 galaksi yetu ilitoa nova mbili. Ya pili yake ndiyo iliyopata sifa. Tarehe 29 Agosti Mjapani mmoja, Kentaro Osada, aliona nyota ngeni katika kundinyota la Cygnus, na kabla hata habari haijaenea watu wengine wengi duniani walikuwa wamejionea wenyewe. Iling'aa kiasi cha kushindana na nyota kubwa za kundi lile, bila darubini wala kifaa chochote, kisha baada ya siku chache ikafifia. Leo inajulikana kama V1500 Cygni.

Ya kwanza ilikuwa imetokea wiki karibu nne kabla, tarehe 3 Agosti, na hakuna mtu aliyeiona kwa macho yake. Hata angesimama ufuoni Malindi usiku wa giza totoro asingeiona. Mwanga wake wa kawaida ulipanda mara mamia, lakini kwa kuwa ulianzia chini sana, hata kileleni ulihitaji darubini. Nguvu yake nyingi ilikuwa inatoka kwa njia ya eksirei, miale ile ile ya kupiga picha ya mfupa hospitalini. Na eksirei za kutoka angani hazifiki chini. Hewa yetu huzimeza zote huko juu, jambo ambalo ni bahati kwa afya zetu na balaa kwa mwanaanga. Anayetaka kuziona lazima atoke nje ya hewa.

Hapo ndipo Ngomeni inapoingia.

Nitapita haraka kwenye historia ya kituo, maana hiyo imeandikwa sana. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, ambaye pia alikuwa jenerali wa jeshi la anga la Italia, alitaka mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta. Katikati ya miaka ya 1960 Waitalia wakasimamisha majukwaa ya chuma baharini katika ghuba ya Ungama, mbele ya Ngomeni, kama kilomita 30 kaskazini ya mji wa Malindi. San Marco lilikuwa la kurushia, Santa Rita la kuongozea. Roketi zilikuwa za Kimarekani aina ya Scout, hatua nne za mafuta makavu. Setilaiti ya kwanza kutoka pale iliruka tarehe 26 Aprili 1967, ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Kwa jumla ni tisa. Basi. Lakini ukizitazama hizo tisa, nne zilikuwa za kutazama anga kwa eksirei au miale ya gama: Uhuru mwaka 1970, SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 tarehe 15 Oktoba 1974, na SAS-3 tarehe 7 Mei 1975. Kwa miaka hiyo michache, bahari ya wavuvi wa Ngomeni ilikuwa mlango mkuu wa sayansi hiyo changa.

Kwa nini hapa? Watu wengi hujibu kwamba karibu na ikweta Dunia inazunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo roketi inapata msukumo wa bure. Ni kweli, ila kwa kazi hii kulikuwa na sababu nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi. Juu ya Brazili na Atlantiki ya kusini kuna eneo ambalo mkanda wa mionzi unaoizunguka Dunia hushuka chini. Setilaiti ikipita pale, vigunduzi vyake vinajaa kelele, kama vile unajaribu kusikiliza redio karibu na jenereta. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita pembeni na kukwepa sehemu kubwa ya kelele hizo. Roketi ndogo kama Scout haiwezi kugeuza njia angani kwa urahisi, kwa hiyo ukitaka setilaiti ikae juu ya ikweta lazima uirushe kutoka karibu na ikweta. Ngomeni iko nyuzi 3 kusini, na njia ya Ariel 5 iliinama chini ya nyuzi 3 tu. Kwa lugha yetu ya programu ningesema jiografia ya Pwani iliandikwa ndani ya data yenyewe.

Ariel 5 ilikuwa ya Waingereza. Uzito wake ni kama kilo 130, yaani watu wawili wanene kidogo, na ilibeba vyombo sita. Ilikuwa inajizungusha kama pia, na vyombo viwili vilitazama ubavuni ili kila mzunguko vifagie anga. Kimoja kilikuwa cha Chuo Kikuu cha Leicester, kingine, kilichofuatilia anga karibu yote, kilitoka Goddard, kituo cha NASA. Msomaji anayeendesha seva ataelewa mara moja: hii ilikuwa ni mfumo wa ufuatiliaji. Hukai ukitazama kitu kimoja. Unazunguka, unahesabu, unalinganisha na mzunguko uliopita, na unangojea namba moja ikatae kufanana na ya jana.

Tarehe 3 Agosti 1975 namba ikakataa. Chombo cha Leicester kilipokea eksirei kutoka mahali ambapo hapakuwa na chanzo chochote kwenye orodha. Siku zilizofuata ikazidi, ikazidi tena, na kwa muda wa takriban wiki moja ikaipita Scorpius X-1, ambayo tangu 1962 ilikuwa ndiyo bingwa wa anga la eksirei. Hakuna kitu cha namna hiyo nje ya mfumo wetu wa Jua kilichokuwa kimewahi kupimwa kikiwa na ukali ule. Baada ya hapo ikaanza kushuka taratibu kwa miezi.

Iliitwa A0620-00. Jina baya, nakubali, lakini ni jina linalosomeka kama anwani. A ni Ariel. 0620 ni saa 6 na dakika 20, ambazo wanaanga hutumia kama longitudo ya mbinguni. -00 maana yake iko kusini ya ikweta ya mbinguni kwa chini ya nyuzi moja. Sisi tulio nyuzi 3 kusini ya ikweta ya Dunia, nyota hiyo hupita karibu kabisa na utosi wetu.

Lakini anwani ya Ariel 5 ilikuwa ya mtaa, haikuwa na namba ya nyumba. Ndani ya eneo lile kulikuwa na nyota nyingi na hakuna aliyejua ni ipi. Kipimo makini zaidi kilitoka kwa SAS-3, setilaiti ya Wamarekani iliyoendeshwa na watafiti wa MIT, ambayo ilikuwa na miezi isiyofika mitatu tangu itoke, wapi tena, Ngomeni! Wenye darubini za kawaida wakaitafuta alfajiri, maana mwezi wa Agosti sehemu hiyo ya anga huchomoza saa chache tu kabla ya jua, wakakuta nyota ambayo kwenye picha za zamani ilikuwa hafifu mno na sasa imewaka. Kwa hiyo aliyeigundua na aliyesaidia kuipata nyumba yake wote walitoka kwenye jukwaa moja. Nimetafuta hilo likisemwa mahali kwa Kiswahili sijaliona, ndiyo maana naliandika hapa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii inayofuata. Chuo cha Harvard kule Marekani kina maktaba ya vioo vya picha za anga vilivyopigwa tangu karne ya 19, mamia ya maelfu ya vioo. Mwaka 1976 watafiti walivipekua wakitafuta sehemu ile ya anga, na wakakuta nyota hiyo hiyo imewaka mwaka 1917. Ilikuwa imelipuka, ikapigwa picha, kioo kikawekwa kwenye rafu, na kwa muda wa miaka 58 hakuna aliyejua. Mwaka ule wa 1917 huku kwetu vijana wa Pwani walikuwa wakibebeshwa mizigo ya vita vya Wazungu, na wala eksirei za angani hakuna aliyezifikiria. Aliyepiga picha ile hakuwa na habari amepiga nini. Wenzangu mnaofuta kumbukumbu za seva kila baada ya siku 30 ili kuokoa nafasi, fikirieni jambo hili kabla hamjaandika amri ya kufuta.

Haya, lakini ni kitu gani kililipuka? Mwaka 1975 hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika. Kibete cheupe hakikufaa, eksirei zilikuwa nyingi mno. Ilibidi wangoje mlipuko ufe kabisa, maana wakati wa mlipuko mwanga wa gesi ya moto hufunika kila kitu. Ulipozimika ikabaki nyota ndogo ya rangi ya machungwa, nyepesi kuliko Jua. Mwaka 1986 Jeffrey McClintock na Ronald Remillard wakatoa vipimo vya mwendo wake. Nyota hiyo inazunguka kitu kisichoonekana kila baada ya saa 7 na dakika 45, kwa kasi inayozidi kilomita 400 kwa sekunde. Ukijua kasi na muda, unaweza kukokotoa uzito wa chini kabisa wa yule asiyeonekana. Huhitaji kukisia kitu kingine. Jibu lilikuwa zaidi ya mara 3 ya uzito wa Jua.

Namba hiyo 3 ndiyo yenye maana. Nyota iliyokufa ikisinyaa ikawa nyota ya nyutroni haiwezi kuzidi takriban uzito huo bila kujiporomokea. Kinachozidi hapo, kwa fizikia tunayoijua, ni shimo jeusi. Vipimo vya baadaye vimeweka uzito wake kwenye Jua 6 na nusu hivi. Uhuru ilikuwa imeshatoa mshukiwa wake, Cygnus X-1, lakini mwenzake Cygnus X-1 ni nyota kubwa sana ambayo uzito wake wenyewe ulileta ubishi, na ubishi ule uliingia kwenye hesabu nzima. A0620-00 ilikuwa kesi safi zaidi. Na kwa miaka mingi ndiyo iliyohesabiwa kuwa shimo jeusi la karibu zaidi na sisi, umbali wa zaidi ya miaka 3,000 ya nuru, hadi mengine ya karibu zaidi yalipopatikana. Gaia BH1, lililotangazwa 2022, liko karibu nusu ya umbali huo. Alipozikwa majivu ya Stephen Hawking mjini London tarehe 15 Juni 2018, shirika la anga la Ulaya lilirusha sauti yake kwa mawimbi ya redio kuelekea shimo jeusi moja angani. Lilichaguliwa hili.

Mlipuko wenyewe hutokea hivi. Gesi ya ile nyota ndogo haitumbukii shimoni moja kwa moja, huzunguka kama maji yanayozunguka juu ya tundu la sinki na kutengeneza sahani. Gesi ikiwa baridi haina msuguano wa kutosha, kwa hiyo inakaa tu na kurundikana, mwaka baada ya mwaka. Ikizidi, inapata joto, na joto likifika nyuzi maelfu kadhaa hidrojeni inaanza kupoteza elektroni zake, msuguano unapanda ghafla, na shehena ya miongo mingi inamwagika ndani kwa miezi michache. Inapoporomoka inafika nyuzi mamilioni na kutoa eksirei. Kwa hiyo hii ni nova ya aina nyingine kabisa. Hakuna bomu. Ni kama foleni ya ujumbe iliyojaa miaka na miaka, halafu siku moja mlaji wake akaamka akaanza kuzisoma zote kwa pamoja.

Data ya chombo cha kufuatilia anga cha Ariel 5 imehifadhiwa na NASA kwenye hazina iitwayo HEASARC, na haina malipo wala nywila. Niliipakua. Faili ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Kwa mistari michache ya Python unapata grafu: ukuta unaopanda Agosti 1975, halafu mteremko mrefu, na katikati ya mteremko namba zinainuka tena kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Malindi mwenye laptopu na bando la data anaweza kuichora. Nawahimiza walimu wa kompyuta waache kidogo zile hifadhidata za "wanafunzi na alama" na wawape vijana kitu kama hiki.

Najua kuna atakayeuliza, Mkenya alipata nini? Swali hilo limeulizwa miaka mingi, bungeni na magazetini, na makubaliano mapya kati ya Kenya na Italia yalitiwa saini 2016, yakaanza kufanya kazi Desemba 2020. Sitajifanya kwamba Ariel 5 ilikuwa yetu. Fedha, roketi, vyombo na vichwa vilivyosoma zile namba vilitoka nje. Sisi tulitoa mahali. Lakini mahali hapo hapakuwa pambo, kama nilivyoeleza, na nchi inayojua thamani ya mahali pake inakaa mezani tofauti na isiyojua. Mtu akisema "walikuwa wanarusha marusha yao tu pale" anapunguza bei ya kitu chake mwenyewe kabla mnunuzi hajafungua mdomo.

Tena kazi haikwisha 1988. Roketi zilikoma, antena zikabaki. NASA iliporusha Swift mwaka 2004, setilaiti ya kusaka milipuko ya miale ya gama, kituo cha Waitalia cha Malindi ndicho kilichochaguliwa kushusha data yake. Tahadhari za haraka hupitia setilaiti za mawasiliano, kama ujumbe mfupi wa simu, lakini mzigo wenyewe ulikuwa ukishuka hapa. Tarehe 15 Juni 2015 Swift ilinasa V404 Cygni ikiamka. Hiyo ni ndugu yake A0620-00, shimo jeusi lenye tabia ile ile, lililowahi kulipuka 1938 na 1989. NuSTAR, darubini nyingine ya eksirei iliyorushwa 2012, nayo ilitumia Malindi. Kenya yenyewe ilianzisha Shirika la Anga la Kenya mwaka 2017, na Taifa-1 ikaruka tarehe 15 Aprili 2023, kutoka California.

Ariel 5 ilirudi ikaungua hewani tarehe 14 Machi 1980. Nova yake iko palepale. Ukichukua 1917 na 1975 ukapata miaka 58, halafu ukajumlisha tena, unafika 2033. Tafadhali usiandike tarehe hiyo popote, nukta mbili hazitoshi kuchora sheria. Inawezekana ikalipuka mwaka ujao au wajukuu wetu wakaingojea.

Ukitaka kujua ilipo, ngoja mwisho wa Desemba, toka nje mnamo saa sita usiku, tazama juu kabisa. Utaona zile nyota tatu zilizojipanga mstari, mshipi wa Orion, kundi ambalo wengine huliita Jabari. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na kutoka kwenye mshipi sogea ngumi moja na kidogo kuelekea mashariki, yaani upande wa baharini. Utaona giza tupu. Ni hapo.